Inchi Kumi na Mbili na Robo

Yulita, fundi cherehani wa Nkuhungu, ana futi ya plastiki
iliyofutika namba tatu za mwanzo.
Kila tarehe mosi naingia kibandani kwake,
nakunja mkono, nabana pumzi.
"Kumi na mbili na robo," anasema, pini mdomoni.
"Na mwezi jana?"
"Kumi na mbili na robo."
Anacheka mpaka cherehani inatingishika.

Mimi ni karani wa masijala.
Mchana kutwa nanyanyua mafaili,
na faili, hata likiwa zito kwa siri,
halijengi mtu.
Jioni nazunguka nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti
ambako Chilewa amepanga chuma chake:
ekseli ya trekta,
makopo ya rangi yaliyoshindiliwa zege,
mnyororo, tairi,
benchi la mninga lililokwisha kushika umbo la migongo yetu.
Kioo ni kimoja, kina ufa;
ndani yake kila mtu ana mikono mitatu.

Chilewa alichimba visima Bahi miaka kumi na moja.
Hafundishi, anakaripia.
"We Mheshimiwa Faili! Kiwiko kigande ubavuni.
Ukiyumba, anayebeba ni kiuno,
na kiuno hakikuja hapa kufanya mazoezi."
Nne. Tano.
Ya sita inapanda kama treni ya mizigo mlima wa Saranda.
"Sasa shusha. Nimesema kuangusha? Shusha,
kama unamlaza mtoto aliyesinzia.
Kupandisha ni sifa tu. Kazi iko kwenye kushusha."

Siku moja nikamuuliza mbona baisepsi haziitikii.
Akanigeuza kama mbuzi wa mnada wa Msalato,
akabonyeza nyuma ya mkono,
pale palipolegea.
"Mnamlisha wa mbele kwa kuwa anaonekana kiooni.
Huyu wa nyuma, traisepsi, ndiye sehemu kubwa ya mkono,
na hamumjui hata kwa salamu.
Wa mbele anavuta kuja kwake.
Wa nyuma anasukuma.
Wewe umewahi kusukuma nini?"

Sikuwa na jibu.
Nikashika ukingo wa benchi, visigino juu ya tairi,
nikajishusha, nikajisukuma,
nikajishusha,
vumbi la Agosti likipenya chini ya mageti
na kunikaa kwenye jasho kama unga wa uwele.
Usiku ule sikuweza kuchana nywele.
Asubuhi muhuri wa ofisi ukanishinda:
niligonga IMEPOKELEWA,
ikatoka IMEPOKE.

"Pumzika siku mbili," akasema. "Kula kunde, kula yai,
ugali usiuogope.
Mkono haukui hapa. Hapa tunaubomoa.
Unakua umelala.
Hujaona mzabibu? Tunaukata matawi
mpaka mgeni anauonea huruma."

Jana dada yangu alishuka basi la Mpwapwa, saa nne usiku,
mabegi mawili, kuku mmoja, na Mbeleje begani,
miaka mitatu, amelala fofofo.
"Nipokee huyu."
Nikampokea. Mzito kama kopo la zege,
ila kopo halina shingo inayoning'inia,
halikupumulii kifuani.
Mikono ilikuwa bado inatetemeka tangu juzi.
Nikafika kwenye mkeka, nikainama.
Kiwiko ubavuni.
Moja. Kisigino kikagusa.
Mbili. Tatu, polepole, mgongo.
Nne, halafu kichwa.
Hakushtuka.
Nikabaki pale nimeinama, viganja vyote viwili chini yake,
nisijue navitoaje.
Hilo Chilewa hajanifundisha.

Tarehe mosi ni Alhamisi.
Nasikia Yulita kanunua futi mpya.